Namna Koplo Alivyopata Akili

Kwa mwaka mmoja na miezi yake, kazi yangu kwenye redio ilikuwa kusema "Ndiyo, Afande." Nilisema "Ndiyo, Afande" mlango ukifunguliwa, nikasema "Ndiyo, Afande" mlango ukifungwa, na katikati, Inspekta alipokuwa akieleza jinsi alivyomgundua mwizi, nilitia "Ndiyo, Afande" nne au tano ili wasikilizaji wasisahau kwamba nipo. Mchezo wenyewe ulikuwa wa upelelezi, nusu saa kila Ijumaa jioni kabla ya taarifa ya habari. Inspekta ndiye aliyekuwa na akili. Mimi nilikuwa Koplo wake.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Televisheni sisi wa Bara tulikuwa tunaisikia tu kwa wenzetu wa Visiwani, lakini redio tulikuwa nayo na ilitutosha. Ijumaa jioni ungeweza kutembea kutoka sokoni Kariakoo mpaka Gerezani usikose neno hata moja la mchezo, maana kila baraza lilikuwa na redio yake na kila redio ilikuwa na watu wake. Sisi wachezaji tulikuwa kikundi cha sanaa tu, watu wa kazi mbalimbali tunaokutana jioni. Inspekta alikuwa mwalimu wa sekondari, Mchaga mmoja mrefu mwenye sauti ya kuamsha bweni zima. Mwandishi wetu alikuwa karani wa shirika la umma, Mnyamwezi, mtu wa miwani na kikohozi cha sigara. Mimi nilikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la vitambaa, Mzaramo wa hapahapa mjini.

Sasa ieleweke kwamba mimi si mtu mpole. Mteja akinirudishia suruali mara tatu, mara ya nne nampa sindano ashone mwenyewe. Mke wangu husema nilizaliwa na pasi ya mkaa kifuani. Basi fikiria mtu wa namna hiyo, kila wiki anavaa shati safi, anapanda basi kwenda studio, kwenda kuwa bwege mbele ya nchi nzima.

Maana Koplo alikuwa bwege, sitaki kuficha. Kuna wiki alimkamata mlalamikaji. Kuna wiki alimpa mwizi amshikie kofia ili yeye afunge kamba za viatu, na mwizi akaondoka na kofia. Kuna wiki alilinda mlango wa mbele wa ghala usiku kucha, kwa uaminifu mkubwa kabisa, na ghala lenyewe halikuwa na ukuta wa nyuma. Wasikilizaji walikufa kwa kicheko. Barua zilikuja kutoka Kigoma, kutoka Songea, kutoka kwenye vijiji ambavyo hata kwenye ramani ya mwalimu havikuwepo, zote zinamsalimu Koplo.

Kariakoo hawakuandika barua kwa sababu walikuwa na mimi mwenyewe. Nikipita kwa wauza nazi, naambiwa: "Koplo, mwizi kapita huku, kakuachia salamu." Nikiwa kwenye foleni ya sukari, hakosi mtu wa kusema: "Mpisheni Koplo aende mbele, asije akamkamata mwenye duka." Wanacheka, wananipisha. Nakiri kwamba nilipita. Sukari ilikuwa adimu, na hasira haikorogwi kwenye chai.

Yote hayo ningeyavumilia kama nisingeletewa ile sare ya mgambo.

Aliyeileta alikuwa binti mmoja wa kiwanda cha nguo. Kiwandani kwao vijana wote walikuwa wanapewa mafunzo ya mgambo, na sare aliyopewa ilikuwa imeshonwa kwa ajili ya watu wawili kama yeye. Alitaka nipunguze kiuno. Alisimama wima mbele ya cherehani, mikono ubavuni, na nilipomwambia aje keshokutwa akasema, "Ndiyo, Afande." Mtu mwingine ningemrudishia sare yake palepale. Yeye nilimpunguzia kiuno, nikamshonea pindo upya bila kuombwa, na keshokutwa ilipofika nilikuwa nimenyoa ndevu.

Miezi michache baadaye, baada ya sare kupunguzwa, kuongezwa, kutiwa vifungo na kung'olewa vifungo vilevile ili vitiwe upya, tulikubaliana mimi na yeye. Nikamtuma mjomba wangu apeleke barua ya posa kwa baba yake Gerezani.

Mzee huyo alikuwa mtu wa Kusini, nyapara wa makuli bandarini. Alikuwa mtu wa kupima. Kazi yake ilikuwa kusimama chini ya winchi na kuamua nani akae wapi mzigo unaposhuka, na nadhani tabia hiyo alirudi nayo nyumbani kila jioni. Mjomba alikaa naye muda mfupi tu, akarudi na barua ileile mkononi. Alinisimulia neno kwa neno.

"Huyu kijana namsikia kila Ijumaa," mzee alimwambia. "Hafikiri."

Mjomba akamweleza kwamba ule ni mchezo tu, kuna mtu anaandika na wengine wanasoma.

"Sauti si yake?"

"Ni yake, mzee."

"Basi. Mtu anaambiwa jambo, hata halijamfika masikioni, ameshajibu ndiyo. Kuli wa namna hiyo mimi simweki chini ya winchi. Mwanangu nitampa?"

Mjomba alianza kunisimulia huku anacheka, maana hata yeye alikuwa mpenzi wa Koplo, lakini aliponitazama usoni akaacha. Nilifunika cherehani saa nane mchana, jambo ambalo sikuwahi kulifanya isipokuwa kwa msiba, nikaenda Kivukoni kukaa peke yangu. Nililia. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita na nililia kwa ajili ya koplo asiyekuwepo.

Binti mwenyewe aliponijia kesho yake hakulia. Alivuta kigoda akakaa.

"Baba hajasema hapana," akasema. "Kasema hufikiri. Sasa fikiri."

Nilifikiri kwa haraka, kama kawaida yangu, nikaenda kwa mwandishi. Nilimkuta kwake amevaa msuli, anapiga taipu kwa vidole viwili. Nikamweleza yote, na posa, na winchi, nikamwomba ampe Koplo akili. Si nyingi. Akili ya kumtosha mtu kuoa.

Mwandishi aliwasha sigara. "Mzaramo mwenye akili," akasema. "Mimi naandika mambo ya upelelezi, mtani. Hadithi za miujiza zina watu wake."

Hapa sina budi kueleza kidogo, kwa wale waliokulia mahali pasipo na watani. Wazaramo na Wanyamwezi wanataniana tangu enzi za misafara. Babu zao Wanyamwezi walikuja Pwani na pembe za ndovu mabegani. Babu zetu walikuwepo Pwani wanawangoja, na tangu siku hiyo wao husema sisi ni wavivu tulioketi tukiwatazama, na sisi husema wao ni punda waliojifunza kusalimia. Mtani anaweza kukwambia lolote. Anaweza kukuchukulia kuku wako mchana kweupe. Na mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia mtani, aibu ni yako, na watu watakuuliza ulilelewa wapi.

Kwa hiyo mimi, mtu wa pasi ya mkaa, nilisimama mbele ya taipu ile na hasira imejaa hadi kooni na sikuwa na ruhusa ya kuitoa. Nilimwambia kwamba taipu haimfai, angetafutiwa mzigo abebe. Akasema ahsante. Akanieleza, kwa uzito kidogo sasa, kwamba wasikilizaji wanampenda Koplo hivyohivyo alivyo, na mtu hafungi duka linalouza. Nikaondoka.

Wiki mbili baadaye baba mdogo wa mwandishi alifariki. Ndiye aliyemlea tangu utotoni, ndiye aliyemleta Dar es Salaam na kumsomesha. Alikuwa mstaafu wa reli, mzee wa Gerezani anayejulikana na kila mtu, na alikufa usingizini, kwa amani. Habari ilipofika Kariakoo, mama yangu na shangazi zangu walijifunga khanga viunoni wakaondoka kwa mwendo wa watu wenye kazi. Kweli walikuwa na kazi. Msibani, mtani ndiye anayefanya yale ambayo wafiwa hawawezi, na moja katika hayo ni kuwachekesha.

Shangazi yangu mkubwa alichukua kofia ya reli ya marehemu, akaivaa, akatia filimbi mdomoni, akapita kwenye mikeka akidai tiketi kwa waombolezaji. Asiyekuwa nayo aliambiwa atashushwa Morogoro. Alimwiga marehemu namna alivyokuwa akikohoa kabla ya kusema jambo, na wajane waliokuwa hawajala tangu jana yake wakaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Mama yangu alibeba sufuria kubwa la nyumba ile, akatoka nalo mlangoni mbele ya watu wote, akitangaza kwamba mwenyewe hana haja nalo tena. Baadaye wangelikomboa kwa kitu kidogo. Ndiyo desturi.

Mwalimu wetu, Inspekta, alikuja na tai nyeusi. Kwao Kilimanjaro watani wao ni Wapare, lakini nadhani hata kwa Wapare hajawahi kuona mambo yale. Alimsogelea mwandishi, akainama, na ile sauti yake isiyojua kunong'ona ikasikika mpaka barabarani.

"Ndugu, kuna mama anaiba sufuria."

Mwandishi alimtazama. Macho yake yalikuwa mekundu na hakuwa amelala. Kisha nilimwona akivua miwani na kuifuta, kama afanyavyo akipata wazo.

Tukaenda makaburini. Wakati jeneza linawekwa chini, kaburi liko tayari, mimi nilivua viatu nikatumbukia ndani.

Nilikuwa sijapanga. Watani wa makamo yangu huingia kaburini, wanadai chao, wanapewa, wanatoka, na watu wanazika. Lakini nilipokuwa mle ndani, na ule ubaridi wa mchanga mbichi miguuni, nikajua ninachodai.

"Nyumba hii nimeshapanga mimi," nikasema. "Mgeni wenu atafute kwingine."

Watu wakacheka. Mwandishi akasogea ukingoni, akatia mkono mfukoni kama desturi inavyotaka.

"Toka, mtani. Chukua hiki utoke."

"Sitaki cha mfukoni. Nataka Koplo apate akili."

Kicheko kilichofuata sijapata kukisikia tena makaburini. Hakuna aliyekuwa hamjui Koplo. Shehe mwenyewe aligeuka akawa anatazama mti uliokuwa mbali. Mwalimu alikuwa amekunja mikono kifuani na amesimama nyuma kabisa, uso umemshuka, kama mtu anayeshuhudia kosa la jinai.

"Hilo haliwezekani, mtani," mwandishi alisema. "Omba kingine. Omba ng'ombe."

"Basi mzee atasubiri." Nikakaa chini, nikaegemea ukuta wa kaburi, nikakunja mguu.

Kutoka pale chini niliona uso wake na mbingu nyuma yake. Alikuwa anacheka, mabega yanamtikisika, na machozi ya kicheko yakawa yanamtoka, na mara yakawa si ya kicheko tena. Aliacha yatoke. Kwa siku mbili alikuwa anapokea wageni, anatafuta sanda, anajibu salamu, na nadhani hiyo ilikuwa mara ya kwanza alipomlilia mzee wake. Watu walimwacha. Alipomaliza alifuta uso kwa kiganja.

"Atapata," akasema. "Mbele ya watu hawa wote. Atapata."

Nikainuka nitoke. Akanizuia kwa mkono.

"Si umeshaingia? Mpokee."

Wakashuka watoto wawili wa marehemu, tukampokea watatu. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotegemea. Robota la kitambaa lina uzito kumzidi. Tulimlaza ubavu, tukamwelekeza anakotakiwa kuelekea, na nilipopanda juu mikono yangu ilikuwa imejaa mchanga na sikuwa na neno la utani hata moja.

Mchezo ulioandikwa kutokana na siku ile ulichukua karibu mwezi. Tulipokutana kwa mazoezi, mwandishi aligawa karatasi, nami kabla ya kusoma hadithi nikafanya kama mchezaji yeyote: nikahesabu mistari yangu. Kwa kawaida nilikuwa na mistari kumi na mitano, kumi na minane. Safari hii ilikuwa saba.

Nilipandwa na hasira ambayo hata utani haukuweza kuibeba. "Mimi nimeingia kaburini," nikamwambia, "kwa ajili ya mistari saba?"

"Soma kwanza."

Nikasoma. Hadithi ilikuwa ya mfanyabiashara wa Kariakoo, Mnyamwezi, aliyefariki. Anatokea mtu anajitambulisha kuwa mpwa wake kutoka Tabora, anashika msiba, analia kuliko wote. Siku ya pili, marobota ya khanga yaliyokuwa stoo yametoweka. Anaitwa Inspekta. Inspekta anafika na kukuta wanawake wa Kizaramo wanatoka nyumbani mchana kweupe na masufuria, majamvi, hata redio ya marehemu, huku wanaimba. Kesi imekwisha. Anasema: "Koplo, wakamate hawa wote."

Na pale, ambapo kwa mwaka mzima nchi nzima ilizoea kusikia nitakachosema, mwandishi alikuwa ameandika kwenye mabano: *Koplo ananyamaza.* Halafu mstari mtupu. Halafu: "Hapana, Afande."

"Bwege," mwandishi alisema, akinitazama juu ya miwani, "ni yule anayejibu upesi. Nimekuwa nikikuandikia majibu ya upesi mwaka mzima. Kumpa mtu akili si kumwongezea maneno. Mpunguzie, aonekane anachagua."

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na jibu tayari, tena zuri, na nilipofungua mdomo nikaona anachozungumzia, nikaufunga.

Shida ilikuwa fundi mitambo. Alikuwa mtu mwema, lakini aliapa kwamba redio hainyamazi. Redio ikinyamaza, alisema, watu wanadhani imeharibika. Sekunde mbili atatuvumilia, ya tatu atakata utepe kwa wembe. Mwandishi alitaka nane. Walibishana mpaka chai ikapoa. Aliyewaamua alikuwa mwalimu. Alisema, kwa sauti ya chini ambayo hatukujua kwamba anayo, "Pale makaburini mimi ningewakamata wale akina mama. Ningewakamata kweli, na ningejiona nimefanya kazi. Mpeni Koplo nafasi yake." Fundi akatoa sita.

Tulirekodi siku ya Jumanne. Tulisimama wawili mbele ya kipaza sauti kimoja, miguuni sinia la kokoto kwa ajili ya hatua za viatu. Mwalimu alitoa amri kwa ile sauti yake: "Koplo, wakamate hawa wote." Na mimi nikanyamaza.

Sekunde sita si kitu ukiwa unasubiri basi. Mbele ya kipaza sauti ni safari. Ya kwanza nilikuwa naogopa. Ya pili "Ndiyo, Afande" ilinifika kwenye ncha ya ulimi, kwa mazoea tu, nikaimeza. Kisha nikamwona mama yangu na sufuria lake, na shangazi na filimbi, na wale wajane wakicheka, na nikaukumbuka ule wepesi wa mzee mikononi mwangu, na nikawa siigizi tena. Nilikuwa nafikiri kweli. Nilipotazama juu, mwalimu alikuwa ananiangalia kama mtu anayesubiri jibu asilolijua, ingawa karatasi alikuwa nayo mkononi.

"Hapana, Afande," nikasema.

Yaliyobaki yalikuwa mepesi. Koplo anamweleza Inspekta kwamba hao ni watani, wanachukua mbele ya watu kwa sababu ni haki yao, na mwizi hachukui huku anaimba. Kisha anamwuliza: nani katika nyumba hii amewakasirikia? Ni mmoja tu. Yule mpwa. Alimpiga mama wa watu mkono alipogusa sufuria, akamwita mwizi. Mnyamwezi hawezi kumkasirikia mtani wake msibani, Afande, hata akiwa mlevi. Yule si wa msiba huu. Wakaenda kupekua alikofikia na khanga zikapatikana zote. Kumpekua nilimwachia Inspekta, kwa sababu mwandishi aliandika hivyo na kwa sababu mwalimu alistahili.

Ijumaa ile nilisikiliza nyumbani kwa mama. Redio ilikuwa barazani, juu ya kiti, na watu walikuwa wamejaa hadi nusu ya barabara. Shangazi alikuwa amejiweka mbele kabisa, maana alishaambiwa kwamba amewekwa kwenye mchezo, na alikuwa anawanyamazisha watu ambao hawakuwa wakisema kitu. Mwalimu akatoa amri. Nikasikia umati mzima ukivuta pumzi ili unisaidie kusema "Ndiyo, Afande," kama walivyozoea.

Redio ikanyamaza.

"Imekufa," mtu akasema. Jirani mmoja akanyanyuka akaipiga kofi ubavuni. Upande wa pili wa barabara nikasikia redio nyingine inapigwa kofi, na mbele zaidi mtu anatukana betri. Shangazi alikuwa tayari ameshika kile kiti kwa mikono miwili anakitikisa wakati sauti yangu ilipotoka: "Hapana, Afande."

Sitaeleza kelele zilizopigwa. Watu walinibeba. Muuza nazi mmoja, aliyenitesa mwaka mzima, alinipa nazi nne na kunipigia saluti. Nilicheka, nilishukuru, nilimbusu mama, na muda wote moyo wangu ulikuwa Gerezani, kwenye nyumba moja tu, ambako mzee mmoja alikuwa amesikia au hakusikia, ameelewa au naye ameipiga redio kofi. Sikulala vizuri.

Jumamosi asubuhi binti alikuja na kifungo mkononi. Hakikuwa cha nguo yoyote aliyoivaa. Alivuta kigoda, akakaa, akanitazama mpaka nikaacha kukanyaga cherehani.

"Baba anasema mjomba wako aje kesho na barua yake."

Nilitaka kuruka. Akaninyooshea mkono nitulie, maana hajamaliza.

"Nyumba ilikuwa imejaa," akasema. "Ulivyonyamaza, wote tulidhani betri. Mama mdogo akanyanyuka aipige redio. Baba akamshika mkono."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Iache. Anafikiri.'"